Nani Amevuruga Tuta? Kumtambua Mharibifu wa Mboga Kabla ya Kuweka Kizuizi

Kabla hujanunua wavu au dawa, jiulize uharibifu ulitokea saa ngapi. Kuku hupanda kulala giza linapoingia, na usiku haoni vizuri. Hatoki bandani saa nane za usiku kwenda kula miche. Kama jioni tuta lako la mboga, lile lililoinuliwa kwa mbao, lilikuwa zima, na alfajiri kabla banda halijafunguliwa umekuta miche imelala, kuku hana hatia, na uzio wa mita mbili hautaokoa hata mche mmoja. Mimi niliwahi kuinua uzio mara mbili kwa ajili ya kabeji zilizokuwa zikikatwa kila usiku, kumbe waliozikata ni sota, viwavi wanaokata mashina ya miche, waliojificha ndani ya udongo huo huo niliouzungushia uzio.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukagua. Jioni, kuku wakishaingia bandani, sawazisha uso wa tuta kwa kiganja, okota majani yaliyoanguka, kisha hesabu miche. Saa mbili baada ya giza kuingia rudi na tochi, utazame chini ya majani, kwenye mashina na upande wa ndani wa mbao za tuta. Alfajiri kagua tena kabla ya kufungua banda, na mchana mara ya tatu. Mstari wa ute uliokauka na kung'aa ni wa konokono. Punje ndogo za kijani au nyeusi juu ya majani ni kinyesi cha viwavi. Kinyesi cha panya kina umbo la punje ya mchele. Siku mbili za ukaguzi wa namna hii hutosha kuwatambua wengi wao.

Udongo umechimbwa na kumwagwa nje ya tuta

Hapa ni kuku, karibu kila mara. Lakini kuku huchimba kwa sababu mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni kuchakura. Kuku hukwangua kwa miguu mara mbili tatu, hurudi nyuma hatua moja, hutazama kilichofichuka, kisha hudonoa. Utaona udongo uliorushwa upande mmoja, matandazo yaliyosambaa njiani na mizizi iliyoachwa wazi, hasa pale ulipoweka mboji karibuni. Anachotafuta ni minyoo, mabuu na mbegu. Miche mingi huiangusha bila hata kuionja.

Ya pili ni kuoga vumbi. Utakuta shimo la mviringo kama bakuli, lenye upana wa kuku aliyelala, udongo wake mkavu na laini, na pengine manyoya mawili matatu ndani yake. Kuku hujigaragaza hivyo ili vumbi lipenye kati ya manyoya na kupunguza chawa, utitiri na mafuta yaliyozidi. Hilo ni hitaji la mwili wake. Ukimfukuza atarudi mara tu utakapogeuza mgongo, kwa sababu bado anawashwa.

Sasa litazame tuta lako kama kuku anavyolitazama. Udongo ni laini, umejaa mboji, hupitisha maji upesi na hukauka juu mapema kuliko ardhi iliyo pembeni. Humo mna chakula na bafu pamoja. Kadiri unavyolitunza vizuri ndivyo anavyolitamani zaidi. Kimo cha tuta nacho hakimzuii: ubao wa sentimita 30 au hata 60 kwake ni ngazi, na ukingo wake ni mahali pa kutua.

Kwa hiyo anayeoga vumbi mpe bafu lake kwanza, kabla hujafunga tuta. Tairi kuukuu la gari au kisanduku chenye upana wa sentimita 60 hivi kinatosha. Kijaze mchanga, udongo mkavu na majivu kidogo ya kuni hadi kina cha sentimita 20 au 30, ukiweke mahali pasipofikiwa na mvua, ikiwezekana palepale wanapopenda kujigaragaza. Upande wa tuta, weka uso wake ukiwa na unyevu na matandazo. Vumbi likikosekana pale na likapatikana kwingine, kuku huhama mwenyewe.

Kwa anayechakura, njia ninayoiamini kuliko zote ni kutandaza wavu wa kuku bapa juu ya udongo mara tu baada ya kupanda mbegu, na kuubana kingoni kwa misumari au mawe. Ukucha hunasa kwenye waya, hawezi kukwangua, na baada ya majaribio machache huacha. Miche hupenya kwenye matundu yenyewe. Tumia wavu wenye matundu ya milimita 50 kwa mimea ya shina nene, na uuondoe kabla shina halijajaza tundu, la sivyo utajikuta unakata waya kwa koleo ili kuikomboa mboga. Mimea iliyokwisha kukomaa, kama biringanya au pilipili, hulindwa vya kutosha na mawe ya ukubwa wa ngumi yaliyopangwa kuzunguka shina.

Uzio upo, na kuku bado wanaingia

Kaa mbali kwa robo saa uwatazame. Kila kuku ana njia yake, na kuziba njia asiyoitumia ni kupoteza waya.

Anayeruka juu kwa kawaida haupiti uzio kwa mruko mmoja. Hutafuta kitu cha kutua: ubao wa juu, nguzo nene, tawi la karibu, ndoo iliyosahauliwa. Akishatua, kushuka upande wa pili ni rahisi. Ondoa ubao wa juu, uache wavu umalizikie hewani, na sentimita 30 za juu kabisa zisikazwe. Sehemu inayoyumba haimpi imani ya kutua. Kuhusu kimo, aina nzito kama Brahma au Orpington ni nadra kuvuka mita moja, ila kuku wepesi kama Leghorn huvuka mita moja na nusu na zaidi. Ikiwa ni kuku mmoja au wawili wakaidi, kata manyoya marefu ya kurukia, karibu kumi ya mwisho, kwenye bawa moja tu. Akiruka hukosa mizani. Usikate unyoya mchanga ambao bomba lake bado lina damu, kwani utatoka damu nyingi. Manyoya huota tena baada ya kunyonyoka kwa kawaida, kwa hiyo kazi hii hurudiwa.

Anayepita chini huzuiwa kwa kuukunja wavu kwa nje, sentimita 30 zikalala juu ya ardhi na kubanwa kwa mawe. Majani yakishaota juu yake, utakuwa umejishika na ardhi wenyewe.

Vifaranga hupita moja kwa moja kwenye matundu ya milimita 50, na walioanguliwa karibuni huweza kujipenyeza hata kwenye ya milimita 25. Weka wavu wa matundu ya milimita 13 kwenye sentimita 40 za chini. Usipofanya hivyo, mama yao atahangaika nje ya uzio mpaka apate pa kupita kuwafuata.

Ila kama matuta yako hayazidi mawili au matatu, usizungushie bustani nzima. Funika tuta lenyewe. Kunja mabomba ya plastiki kuwa matao yenye kimo cha sentimita 60 hadi 90, yachomeke pande mbili za tuta kila baada ya mita moja, ulaze wavu juu yake na kuukaza. Kifuniko kiwe chepesi, mtu mmoja aweze kukiinua kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika ndoo ya maji. Kifuniko kigumu kufungua huishia kuachwa wazi, na kuku huhitaji dakika kumi tu. Kuwa mwangalifu na neti ya nailoni iliyolegea: hunasa miguu ya kuku, mabawa ya ndege, hata nyoka wasio na madhara. Kama neti inaweza kushikwa na kukunjwa mkononi ikiwa imeshafungwa pale, haijakazwa vya kutosha.

Miche imelala chini

Chunguza mahali shina lilipoachana na mzizi. Kama limekatwa kwa usawa wa ardhi na sehemu ya juu imeachwa hapohapo, chimbua kwa kidole kina cha sentimita tatu hadi tano kuzunguka mche uliokatwa jana usiku. Ukimkuta kiwavi mnene, wa kijivu au kahawia, anayejikunja kama herufi C ukimgusa, huyo ni sota. Muue, kisha kagua miche ya jirani, maana sota mmoja hukata kadhaa kwa usiku mmoja. Kinga yake ni rahisi: pete ya karatasi ngumu au kipande cha chupa ya plastiki kuzunguka kila mche, sentimita tatu ndani ya udongo na tano juu. Zaidi ya hapo, lima tuta na uliache bila jani lolote wiki mbili au tatu kabla ya kupanda. Sota waliomo watakosa chakula, na ukiwaruhusu kuku kuingia siku hizo watakula wengi wa waliobaki.

Kama shina halijakatwa ila limekuwa jembamba, laini na lenye majimaji karibu na udongo, acha kutafuta mdudu. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, unaosababishwa na vimelea vya udongoni ambavyo hupenda unyevu mwingi na miche iliyobanana. Punguza kumwagilia, mwagilia asubuhi, punguza msongamano na acha hewa ipite. Mche uliokwisha kuanguka hauponi.

Mche ukiwa umeng'olewa mzima na kuachwa ukinyauka juu ya udongo, ni kuku au ndege. Ukitoweka bila mabaki, fikiria panya au konokono.

Majani yana matundu

Tundu lina mengi ya kueleza. Matundu makubwa yasiyo na mpangilio, yenye ute karibu, ni kazi ya konokono, wenye gamba na wasio na gamba. Hutoka usiku kukiwa na unyevu, na mchana hujificha chini ya mbao na matandazo mazito. Jambo linalopunguza idadi yao kuliko watu wanavyodhani ni kuhamisha muda wa kumwagilia kutoka jioni kwenda asubuhi, ili uso wa udongo uwe mkavu wanapotoka. Pili, laza ubao kando ya tuta jioni, uugeuze asubuhi na uwakusanye waliojificha chini yake. Kuku huwala konokono wadogo kwa furaha, lakini konokono hubeba baadhi ya minyoo inayoshambulia kuku, kwa hiyo usiwafanye chakula cha kila siku.

Wafugaji wengi humwaga maganda ya mayai yaliyopondwa kuzunguka mimea ili kuwazuia konokono. Royal Horticultural Society, chama cha watunza bustani cha Uingereza, ilitangaza mwaka 2018 matokeo ya jaribio la vizuizi vitano kwenye letusi, yakiwemo maganda ya mayai na utepe wa shaba, na hakuna hata kimoja kilichopunguza uharibifu. Maganda yaweke kwenye mboji. Huko yana faida.

Matundu madogo mengi, kama jani limechomwachomwa kwa sindano nene, husababishwa na mbawakawa wadogo weusi wanaoruka kama viroboto ukiligusa jani. Hushambulia sana miche ya jamii ya kabeji. Hapa neti laini ndiyo jibu, iwekwe siku ileile ya kupanda.

Sehemu za jani zilizokwanguliwa upande wa chini, huku ngozi ya juu ikibaki nyembamba kama kioo cha dirisha, ni dalili ya viwavi wa nondo mgongo wa almasi. Mguse mmoja: hujipindapinda kwa kasi na kujiangusha akining'inia kwa uzi. Kizazi kimoja kinaweza kukamilika ndani ya wiki mbili hadi tatu kwenye joto, na wadudu hawa wamezoea dawa nyingi za viwandani, kwa hiyo kuzidisha dawa hakusaidii. Bakteria Bacillus thuringiensis, wanaouzwa kama dawa ya kunyunyiza, huua viwavi wakiwa wadogo bila kudhuru kuku wala nyuki. Nyunyiza jioni kwa sababu jua huwaharibu, ufikie chini ya majani, na usitegemee kuona viwavi wamekufa papo hapo: huacha kula kwanza, kisha hufa baada ya siku kadhaa.

Mistari myeupe iliyopindapinda ndani ya jani ni njia za vidomozi, mabuu wadogo wanaokula ndani ya jani. Ng'oa majani yaliyoathirika uyatupe mbali. Kwa mmea uliokwisha kukomaa si tatizo kubwa, na dawa hapa huua zaidi nyigu wadogo wanaowadhibiti.

Majani yamejikunja na yananata

Pindua jani. Vidukari hukaa kwa makundi chini ya majani machanga, wakifyonza utomvu na kutoa majimaji matamu ambayo baadaye huota ukungu mweusi. Kama chungu wanapanda na kushuka shinani, wanayafuata hayo majimaji na kwa malipo huwafukuza maadui wa vidukari. Vunja njia ya chungu kabla ya kuhangaika na vidukari wenyewe.

Jeti ya maji safi kwa siku tatu mfululizo huondoa wengi. Ikishindikana, changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji, yaani mililita 15, kwenye lita moja ya maji, unyunyize jioni chini ya majani, urudie baada ya siku tano hadi saba. Sabuni huua mdudu inayemgusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka haina kazi tena. Jaribu kwanza kwenye majani machache na usubiri siku moja, na usitumie sabuni ya unga. Mafuta ya mwarobaini nayo hufaa, ila hufanya kazi polepole.

Majani yenye vidoa vingi vidogo vya manjano na utando mwembamba chini yake ni utitiri mwekundu, anayestawi kwenye joto na ukavu. Huyu si utitiri wa kuku, ingawa jina ni moja. Dawa ya banda usiinyunyize kwenye mboga.

Mmea unanyauka na udongo una maji

Sababu inayosahaulika na wafugaji ni samadi mbichi ya kuku. Ina nitrojeni nyingi, hutoa amonia na huunguza mizizi. Kingo za majani huwa kahawia na kukauka ndani ya siku chache baada ya kuiweka. Mwagilia maji mengi ili kuisukuma chini, na uondoe inayoonekana juu.

Kama samadi haihusiki, ng'oa mmea mmoja uliodhoofika. Mizizi yenye mafundo ina minyoo fundo. Kwenye maharage na jamaa zake kuwa makini: vinundu vya bakteria wenye faida hukaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kirahisi, ilhali fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Kutibu tuta, lifunike likiwa na unyevu kwa plastiki angavu kwa wiki nne hadi sita za jua kali, kisha usirudie nyanya, bamia wala matango msimu unaofuata.

Mmea unaotoka mkononi bila mzizi umeliwa na fuko au panya kutoka chini. Hapa hakuna njia ya mkato: toa udongo, tandaza sakafuni mwa tuta wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 13, uupandishe kidogo kwenye mbao, urudishe udongo. Wavu mwepesi wa kuku huoza haraka ardhini.

Umefunika kwa neti, wadudu bado wamo

Hapa lawama hupewa neti, na mara nyingi kosa liko kwenye wakati. Neti iliyowekwa wiki mbili baada ya kupanda huwafungia ndani waliokwisha kutaga. Vivyo hivyo kabeji inayofuata kabeji kwenye tuta lilelile: pupa walioko ardhini huibuka chini ya neti, wakakuta chakula na hakuna ndege wa kuwala. Badilisha jamii ya zao kabla ya kufunika.

Angalia pia jani linalogusa neti, kwani kipepeo hutaga akiwa nje. Fukia kingo zote kwa udongo. Pima matundu: milimita 1.3 huwazuia vipepeo, 0.8 huwazuia mbawakawa warukao, lakini vidukari na nzi weupe hupita mpaka matundu yafike karibu milimita 0.3, na neti hiyo hupunguza hewa na kuongeza joto. Kwa vidukari ni afadhali kufungua neti saa chache mara kwa mara ili wadudu wanaowala waingie.

Matango na maboga yakianza kutoa maua, neti iondoke, la sivyo nyuki hawatafika na matunda machanga yatageuka manjano na kuanguka. Nyanya na maharage hujichavusha zenyewe. Zinaweza kubaki ndani.

Sumu mahali penye kuku

Chambo cha konokono chenye metaldehyde huua kuku, na Uingereza ilikipiga marufuku nje ya majengo mwaka 2022. Ukilazimika kutumia chambo, chagua chenye fosfati ya chuma. Sumu ya panya ni hatari maradufu: kuku anaweza kuila yenyewe, au kumdonoa panya aliyekufa nayo, na dalili huchelewa kwa siku kadhaa. Tumia mitego iliyofungiwa ndani ya kisanduku chenye mlango ambao kichwa cha kuku hakipiti.

Wakati wa kuwaruhusu kuku waingie

Mavuno yakiisha, kuku ni wafanyakazi wazuri. Hula mabuu, mbegu za magugu na mabaki, na hulegeza uso wa udongo. Waingize alasiri, saa moja au mbili kabla ya giza, ili wajirudie wenyewe bandani. Tatizo ni kinyesi wanachokiacha, kwani kinaweza kuwa na bakteria wa Salmonella. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka samadi mbichi iwekwe si chini ya siku 120 kabla ya kuvuna mboga zinazogusa udongo, na siku 90 kwa zisizogusa. Samadi iliyoivishwa kwenye rundo la mboji lenye joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, ikigeuzwa mara tano, haina sharti hilo.

Kwa hesabu hiyo, usiwaingize kuku halafu upande letusi inayovunwa baada ya siku 50. Baada ya kuku panda nyanya za kufunga kwenye miti, au zao lolote linalokaa muda mrefu. Siku ya kuwatoa, sawazisha udongo, tandaza wavu bapa jioni hiyohiyo, na bafu la vumbi liwe limejazwa upya kabla hawajafunguliwa kesho yake.